Ukoka Usiokufa

Katika nchi ya Ufipa majani si pambo. Uwanda wake umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa, miti yake ni haba, na jicho likitazama huona majani hata upeo wa mbingu. Mkulima wa huko hakuyafanya adui. Mvua zikikaribia kwisha huyapindua kwa jembe pamoja na udongo wake, akayafukia katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Majani huoza katika giza la tuta, na juu yake huweza kupandwa maharage. Mvua mpya zikija, matuta hutawanywa, na ulezi ukapandwa katika rutuba hiyo. Hivyo majani hufa watu wapate kula, na shamba likipumzishwa huota tena bila ya kuombwa.

Kijana mmoja wa Izia, katika mji wa Sumbawanga, alilelewa katika elimu hiyo. Riziki ikamchukua hata Dar es Salaam, na huko akawa fundi wa majani yasiyokufa: ukoka wa bandia.

Ukoka huo una umri wake. Mwaka 1966 ulitandikwa katika uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani, kwa kuwa majani hai yalishindwa kuishi chini ya paa lake. Katika Tanzania umepata kutandikwa Karume na Uhuru mjini Dar es Salaam, Amaan kule Unguja, Nyamagana Mwanza na Kaitaba Bukoba. Kisha ukaingia katika nyua za nyumba, hoteli na shule. Mnunuzi huambiwa kuwa haukatwi, haunyauki, wala hauhitaji kunyweshwa ili uishi. Maneno hayo ni kweli, walakini ni nusu ya kweli.

Pwani ina subira katika uharibifu. Jua hudhoofisha nyuzi za plastiki mpaka zikatike. Hewa ya chumvi hula misumari ya pembeni. Masika huchukua mchanga na punje za mpira zilizosimamisha nyuzi, na vumbi laini huziba matundu ya kupitishia maji. Penye kivuli huota utando wa kijani wenye utelezi. Mwishowe mshono hufunguka, na mtoto akimbiaye hujikwaa.

Hapo ndipo fundi huitwa. Hafanyi kazi yake katika masika, maana gundi ikikutana na unyevu mwingi ama haishiki, ama huvimba povu. Hungoja siku kavu za kusi. Hufunua zulia, akatazama kwanza chini yake, kwa sababu kiraka juu ya changarawe iliyotitia ni kazi bure. Husawazisha, hushindilia, huacha pakauke. Kisha hukata palipoharibika kwa kisu kikali, kwa upande wa nyuma, akifuata mistari ya ushonaji. Kiraka hakitoi dukani: hukitoa katika pembe ya ua uleule, palipopigwa na jua kwa miaka ileile, maana kipya hukikana cha zamani kwa rangi. Hulaza nyuzi zake zielekee zilikoelekea nyingine, huweka utepe na gundi chini ya mshono, hukandamiza kwa mifuko ya mchanga, na kesho yake hurudisha mchanga kwa ufagio mgumu.

Siku moja baba yake mdogo alimpigia simu kutoka Izia. Kamati ya shule ya watoto ilitaka kuondoa vumbi la kiangazi kwa ukoka wa bandia, na kazi ingekuwa yake. Ilikuwa fedha ya kumtosha kodi ya miezi mingi.

"Shikamoo, baba," alisema. "Nikiisha kuondoka, nani atautengeneza?"

"Marahaba, mwanangu. Si wauzaji wamesema hauhitaji kutengenezwa?"

"Haufi, baba, lakini ukijeruhiwa haujiponyi."

Akawashauri wapande ukoka hai mvua za kwanza, wauzuilie miguu msimu mmoja, na sehemu ya fedha wanunue mipira. Kazi ikapotea. Nduguze wengine walimwona mjinga, na kodi yake haikungoja hekima.

Hakuudharau ukoka wa bandia, kwani ndio uliomlisha. Ua unaokanyagwa mchana kutwa, au uliofunikwa kivuli, pengine hauna dawa nyingine. Ila atakayeununua na atenge fedha ya mshono tangu siku ya kutandika. Kisicho na mauti hakina uzazi pia, na jeraha lake hungoja mkono wa mtu. Uwanda wa Ufipa ulilifundisha jambo hilo kabla ya plastiki kuwako: majani yafayo hujirithi yenyewe, na yasiyokufa humwachia mwenyewe deni.