Vipepeo wa buluu wa Buruburu, na safu niliyotaka iachwe wazi

Nimekuwa kimya hapa wiki mbili, ndugu wasomaji. Kazi ya programu imenibana, na jioni zilizobaki zimechukuliwa na binti wa jirani yangu, yuko Gredi ya 8. Klabu yao ya sayansi inaandika orodha ya wadudu wa mtaani, kila mmoja na jina lake la spishi. Alinijia na simu ya mamake: "Anko, hawa wa buluu ni aina moja ama ni wengi?"

Ni wengi. Wanaruka pale pale tunapopita tukikimbilia matatu: nyasi za kando ya mtaro, ukingo wa kiwanja, terere iliyojiotea. Wengine hata ukiwapima na sarafu ya shilingi 20 hawaifuniki.

Kwanza, sahau buluu. Kwa wengi wao dume ndiye mwenye rangi hiyo. Jike ni kahawia-kahawia. Tena si rangi ya kupakwa, ni mwanga unaochezewa na magamba madogo ya bawa, kwa hivyo ukisogeza simu kidogo inabadilika. Subiri afunge mabawa, kisha upige picha ya upande wa chini. Huko ndiko kuna data.

Wale wadogo wa nyasi wanafuata masharti kama programu. Tazama bawa la mbele. Kuna kidoa karibu kabisa na ukingo wake wa juu? Basi ni Zizula hylax. Kama hakipo, tazama kile chumba cha katikati kilichozungukwa na mishipa. Kikiwa na kidoa ndani (si kile cha mwishoni, hicho wote wanacho), ni Zizeeria knysna, ambaye Trimen alimpa jina mwaka 1862 na ambaye viwavi wake hula terere. Chumba kikiwa kitupu, fikiria Zizina. Binti huyo alishika masharti haya kwa dakika kumi.

Tukahamia wenye vijimkia, wale wa kwenye maua ya kunde. Lampides boeticus ni rahisi: chini ana mawimbi ya rangi ya mchanga na mkanda mmoja mpana mweupe bawa la nyuma. Tatizo ni wenzake wenye mistari kama punda milia, jenasi Leptotes. Tulipakia picha kwenye iNaturalist, mashine ikapendekeza Leptotes pirithous juu kabisa ya orodha. Binti akataka kubonyeza.

Nikamwambia ngoja. Kenya kuna pirithous, lakini pia kuna brevidentatus, babaulti na jeanneli, na hawa wanne huwezi kuwatenganisha kwa picha ya bawa. Wataalamu hukata tumbo la dume na kutazama viungo vyake vya uzazi kwa hadubini. Sasa fikiria mashine ilisomea wapi. Pirithous anapigwa picha sana Italia na Ugiriki, ambako hana ndugu wa jenasi yake, na huko jina hilo ni sahihi kila mara. Mashine ikiletwa Eastlands inajibu kwa uzoefu wa Ulaya. Sisi tukibonyeza, mtu mwingine akakubali, rekodi inapanda daraja na kuingia miongoni mwa picha za kuifundishia mashine ile ile. Kesho itakuwa na uhakika zaidi, na uhakika huo tutakuwa tumeupika sisi hapa Buruburu.

Wanaotumia hifadhidata wananielewa: sehemu iliyo wazi unaweza kuijaza baadaye. Iliyojazwa kwa kukisia hakuna anayerudi kuikagua, kwa sababu inafanana na nyingine zote.

"Lakini anko, mwalimu atasema sijamaliza."

Hapo sikuwa na jibu la haraka. Alama ni zake, si zangu. Tukakubaliana aandike Leptotes, kwenye safu ya spishi aweke kistari, na chini aeleze kwa sentensi mbili kwa nini. Aliandika nne. Ijumaa alirudi kuniambia mwalimu alisoma maelezo hayo mara mbili, akauliza kama maabara ya shule ina hadubini inayofanya kazi. Ipo moja, lenzi yake ina ukungu. Kesho nampelekea kitambaa changu cha kupangusia kamera.