Kengele iliyonyamaza usiku wa Jumapili

Mwaka 2024, kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zilipokuwa zimejaa wahamaji, redio moja ndogo ya kijamii hapa Goma ilitangaza kila asubuhi saa kumi na mbili majina ya watoto waliopotea. Mama aliyepotezana na mtoto njiani kutoka Sake anafika redioni, anaandikisha jina, nguo aliyovaa, kijiji alikotoka. Kesho yake kambi nzima inasikia.

Redio ile inaishi kwa paneli za jua, betri, na jenereta pale mazutu inapopatikana. Fundi wake, kijana wa kartie ya Himbi, alichoka kuamka usiku kwenda kuangalia betri. Akafanya kama makampuni makubwa yanavyofanya: akaweka programu ndogo kwenye kompyuta inayorusha matangazo, isome hali ya mitambo na kuituma CloudWatch, huduma ya Amazon ya kuchunga mashine kwa mbali. Watu wanaita hiyo "wingu". Kwa kweli ni kompyuta zilizojazwa ndani ya nyumba, na zile alizozichagua ziko Cape Town, Afrika Kusini.

Huduma hiyo inatoa vipimo 10 na kengele 10 bila malipo, basi ilibidi kuchagua: volti za betri, joto la kompyuta, nafasi iliyobaki kwenye diski, nguvu inayokwenda kwenye antena, na vingine vichache. Betri ya volti 12 ikijaa inasoma karibu 12.7, ikishuka mpaka 12, zaidi ya nusu imekwisha kuliwa. Kengele aliiweka hapo. Kutuma kila dakika ni mara 43,200 kwa mwezi, na mega anazinunua kwa mfuko wake mwenyewe, kwa hiyo alituma kila baada ya dakika 5. Inatosha. Betri haizimiki ghafla kama balbu.

Majuma kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Ujumbe unaingia, fundi anampigia sentineli, sentineli anawasha jenereta.

Jumapili moja jioni mtandao ukakatika, jambo ambalo hapa halimshangazi mtu. Fundi aliangalia simu kabla ya kulala, hakuona ujumbe wowote, akalala kwa amani. Saa nane usiku betri ziliisha. Asubuhi mama mmoja wa Bulengo alikaa na redio ya jirani sikioni mpaka saa tatu, akingoja jina la mtoto wake. Lilitangazwa saa sita mchana. Mtoto alipatikana jioni kwa familia moja upande wa pili wa kambi ile ile. Familia hiyo nayo ilikuwa imefungua redio alfajiri, ikasikia mvumo tu.

Kosa lilikuwa dogo. Kengele za CloudWatch zina hali tatu: sawa, hatari, na data haitoshi. Vipimo vikiacha kufika, kengele inahamia ile ya tatu, na kama hukuomba ujumbe kwa hali hiyo, hupati kitu. Fundi hakuwa ameomba. Alibadilisha mpangilio mmoja: vipimo vikikosekana, vihesabiwe kuwa hatari.

Mtu wa Goma angepaswa kulijua hilo mapema. Kabla ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, miezi kadhaa ilipita ambapo vipimo vya mlimani havikuwafikia wachunguzi wa volkeno kwa kukosa pesa za intaneti, na mtandao ulirudi muda mfupi tu kabla ya mlipuko. Baadaye watafiti walionyesha kwamba dalili zilianza kama dakika 40 tu kabla ya lava kutoka, kwa hiyo hakuna wa kuapa kwamba intaneti ingezuia vifo. Lakini ile miezi, nani alikuwa na uhakika kwamba mlima umetulia?

Likabaki tatizo lingine. Ujumbe wa hatari nao unapita kwenye mtandao huo huo uliokatika. Sasa unakwenda pia kwa mwenzake wa Bukavu, ambaye anampigia sentineli simu ya kawaida. Na programu inahifadhi vipimo kwenye diski mpaka mtandao urudi. Cape Town inapokea hata vya wiki 2 nyuma, basi asubuhi mtu anaweza kuona usiku ulikwendaje.

Sentineli, mzee aliyelinda redio hiyo tangu ianze, alisikiliza maelezo yote hayo kwa heshima.

"Fundi, mimi ninalala hatua kumi kutoka kwa betri. Kwa nini Cape Town ijue mbele yangu?"

Fundi alicheka, kisha akakosa jibu. Siku ya soko alimnunulia karedio ka betri mbili. Usiku kanawaka kando ya kitanda chake, sauti ikiwa chini. Kakianza kuvuma, mzee anavaa viatu.