Mjomba, nimekuweka kwenye sinema

Msomaji wangu, kuna siku mtu anaumbuliwa mbele za watu halafu anatoka pale anashukuru. Yamenikuta, na wala sikufumaniwa gesti. Nimeumbuliwa na sinema ya dakika saba, na aliyeitengeneza ni mtoto wa dada yangu, ninayemlisha mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo. Kijana huyu alitua Dar miaka mitatu iliyopita akitokea kwetu Heru Juu, kule Kasulu, mkoani Kigoma. Nilikwenda kumpokea stendi ya Mbezi usiku, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, mkononi kashika kidumu cha mawese alichotumwa na bibi yake. Ukoo mzima tulijua anakuja kusomea uhasibu. Mwezi haujaisha, akanijia sebuleni kwa adabu zote: "Shikamoo mjomba. Kuna jambo. Mimi nimejiandikisha kusomea filamu."

Ee bwana ee! Nilitaka kumzaba kibao. Dada yangu kauza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada, halafu mtu anakwenda kusomea maigizo! Kichwani mwangu sinema ilikuwa mambo mawili tu. La kwanza, kibanda cha video Kasulu mjini nilikokulia, jenereta linanguruma nje, ndani tumebanana kama dagaa tunatazama Wachina wakipigana, na sauti ya Lufufu akitutafsiria kila kitu mpaka yasiyosemwa. La pili, hizi za Bongo: jumba la kukodi, gari la kukodi, demu analia, kisha unaambiwa usubiri sehemu ya pili.

Kijana hakubishana. Usiku mmoja umeme ulikuwepo, akafungua kompyuta ya kuazima, akaniambia nikae dakika chache tu. Akanionyesha Shoeshine ya Amil Shivji, filamu fupi ya mwaka 2013. Ni habari ya kijana mng'arisha viatu katika jiji hili hili la Dar, anaitazama dunia kuanzia kwenye viatu vya wateja wake. Mimi viatu vyangu hung'arishwa kila Jumatatu na dogo mmoja pale kituoni, na nakiri sijawahi kumtazama usoni. Akanieleza kuwa Shivji alisomea filamu Chuo Kikuu cha York, kule Toronto, Kanada. Alianza na hizi fupifupi, akaongeza Samaki Mchangani mwaka 2014, ndipo akaja na ndefu, T-Junction, mwaka 2017. Mwaka 2021 Vuta N'Kuvute yake, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaonyeshwa kwenye tamasha kubwa la filamu la Toronto.

"Fupi ndiyo daftari la mazoezi, mjomba," akasema. "Ndefu inataka mamilioni. Fupi inataka macho."

Nikasema sawa, ila moyoni nikabaki na ng'ombe wangu wawili.

Basi, mwaka jana chuo chao kikaandaa jioni ya kuonyesha kazi za wanafunzi. Nikaalikwa. Nikavaa shati la maana, nikakaa safu ya mbele kama mgeni rasmi. Mpwa wangu alikuwa na filamu tatu, zote kapiga nyumbani Heru Juu wakati wa likizo, kwa simu na kamera moja ya kuazima.

Ya kwanza ilikuwa ya baiskeli. Dakika nne. Mtu anashuka mlima kwenda Kasulu na mikungu ya ndizi, huoni uso wake, unaona gurudumu, breki na kandambili anayoburuza chini kupunguza mwendo. Jioni anapanda kwa miguu, baiskeli anaisukuma. Basi. Hakuna anayesema neno, lakini mpaka inaisha mapaja yalikuwa yananiuma mimi niliyekaa kwenye kiti!

Ya pili aliiita Mikono. Hapo kwanza nikashtuka, maana aliyetokea kwenye pazia ni baba yangu mzazi. Mzee anakutana na jirani yake njiani. Mnajua sisi Waha salamu zetu si za "mambo" na "poa". Wanainama, wanapiga makofi taratibu, wanaulizana habari za watoto, za mifugo, za maharage shambani, makofi yanaendelea. Ukumbini wanafunzi wakaanza kucheka. Nami nikacheka! Nikacheka baba yangu mzazi ili wenzangu wasijue kuwa ni baba yangu.

Lakini kijana hakukata picha. Kaiacha pale pale. Sekunde zikapita, kicheko kikapungua, kikafa. Tukawa tunasikia yale makofi tu, na upepo. Mzee mmoja kaonekana kumkubali mwenzake kuwa ni mtu, na hana haraka ya kwenda popote. Mtoto wa kike aliyekuwa nyuma yangu akasema polepole, "Dah."

Ya tatu ndiyo iliyoniua. Jina lake Lafudhi. Kijana kasimama mbele ya kipande cha kioo, anafunga begi la safari, anajifundisha kusema Kiswahili cha mjini. Kwa nyuma kuna sauti ya mtu mzima kwenye simu inamwelekeza: "Ukifika usiseme unatoka Heru Juu. Sema Kigoma mjini. Na Kiha usiongee kwenye daladala, watakuuliza kama wewe ni Mrundi."

Msomaji, maneno hayo ni yangu. Nilimwambia mimi, neno kwa neno, wiki moja kabla hajapanda basi.

Msinihukumu haraka. Babu yangu alikwenda Tanga kukata mkonge, akaitwa manamba. Mimi nilipofika Dar nikakuta Muha ni mtu wa kuchekeshea watu vijiweni, na mara mbili nimeulizwa uraia wangu kwa sababu ya matamshi tu. Nikajifunza kujificha. Nikadhani ninayomrithisha mpwa wangu ni busara.

Tulipotoka nje nikamvuta pembeni. Hata sijafungua mdomo, akaniwahi: "Mjomba, nimekuweka kwenye sinema, lakini jina lako sikuliweka." Nilishindwa kununa. Nikamnunulia chipsi.

Desemba tukaenda wote nyumbani. Akatundika shuka nyeupe ukutani kwa bibi yake, akaazima projekta na jenereta, kijiji kikajaa uani na baridi ile ya mlimani. Ya baiskeli walishangilia kama mpira. Ya mikono, wazee walikuwa wakiitikia salamu kana kwamba wamesalimiwa wao! Ilipokwisha ile ya tatu, baba akauliza kwa sauti, "Huyo anayemfundisha mtoto kukataa kwao ni nani?"

Kimya. Dada yangu akatazama chini. Mpwa wangu akajifanya anafunga waya.

"Ni mimi, baba," nikajibu, kwa Kiha.

Mzee hakunigombeza. Alisema tu kwamba Mwami Theresa Ntare alitawala kutoka hapa hapa Heru, mwanamke, enzi za Mwingereza, na watu walikuwa wakitembea siku nzima kuja kupiga makofi mbele yake. "Wewe huko mjini unawaambia unatoka wapi?" Swali lile nimerudi nalo Dar.

Sisemi kazi za kijana hazina kasoro. Sauti ni mbovu, upepo unakula maneno, na Lafudhi inakatika ghafla kama umeme wa Manzese. Nimemwambia. Ana miaka ishirini na mbili, atajifunza. Jicho, lakini, analo tayari.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna dogo anayezunguka na simu akipiga picha za vitu usivyovielewa, usimfukuze. Kaa naye dakika saba. Mimi juzi kwenye daladala ya Mbagala simu ililia, alikuwa baba. Nikapokea, nikaongea Kiha mpaka mwisho wa safari. Konda akaniuliza, "Mzee, wewe wa wapi?"

Nikamwambia.

Tukutane wiki ijayo.