Ndoa ya Tanga, Televisheni ya Birmingham

Mama yangu alikuja kwetu Birmingham akiwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji salama. Tarehe ya jicho la pili ikaangukia wiki ileile ambayo kaka yangu alipanga kumwoza binti yake huko Tanga. Binti huyo ndiye mjukuu wa kwanza wa Mama, na ndiye aliyelala naye kitanda kimoja mpaka alipoanza darasa la kwanza. Mama hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: “Kwenye simu nitaona?”

Nikamjibu, “Kwenye simu utapata taabu, Mama. Nitakuwekea kwenye televisheni, utaona kila kitu.”

Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri, saa kumi jioni kwa saa za Tanga. Kwetu, majira ya baridi, hiyo ni saa saba mchana. Tangu saa nne Mama alikuwa ameshaoga na kuvaa kanga mpya juu ya sweta mbili, na alinilazimisha nifukize udi. Chetezo nilikiweka karibu na mlango wa nyuma, nikauacha wazi ili king’ora cha moshi kisianze kulia.

Saa saba kasoro dakika kumi mpwa wangu alipiga simu ya video kutoka msikitini. Mama aliishika simu, akaisogeza karibu na lile jicho lililopona, akasema, “Namwona kaka yako. Amevaa joho.” Nikamwambia, “Lete, Mama, nikuwekee kwenye televisheni uone vizuri.” Nikaichukua simu mkononi mwake.

Nilibonyeza alama ya kurushia picha. Simu ilitafuta weee, kisha ikasema haikupata kifaa chochote. Televisheni ilikuwa mbele yangu, hatua mbili tu, na imewaka. Mwanangu wa miaka 14 akaizima kwa rimoti na kuiwasha tena. Haikusaidia. Akasema rimoti huilaza tu televisheni. Ili ianze upya kweli, uchomoe waya kwenye soketi, usubiri kama dakika moja, ndipo uchomeke. Tukafanya hivyo. Wapi! Tukazima VPN aliyoniwekea kwenye simu, maana nayo inaweza kuizuia simu isivione vifaa vya nyumbani. Wapi! Muda wote huo nilikuwa nasikia sauti ya shehe kwenye kiganja changu, wala siitazami picha. Mwisho nikazima Wi-Fi ya simu ili niiwashe tena, na Tanga ikakatika.

Nilipompata tena mpwa wangu, nilichokiona ni sinia la halua likipitishwa, na watu wamesimama wanapeana mikono.

Mama alikuwa bado ameketi, macho kwenye televisheni isiyo na kitu. “Wameshamaliza?”

“Wameshamaliza, Mama.”

“Alhamdulillahi.” Akakaa kimya kidogo, akijifunga vizuri kanga yake. Kisha akasema bila hasira, “Ungeniachia tu ile simu, mwanangu. Kidogo nilikuwa naona.”

Niliingia jikoni nikafungulia maji, nikajifanya naosha vyombo.

Usiku ule mimi na mwanangu hatukulala mpaka tujue sababu. Tuliipata katika mipangilio ya televisheni, pale panapoonyesha jina la mtandao iliounganishwa nao. Ruta yetu ina mitandao miwili ya Wi-Fi, mmoja wa familia na mwingine wa wageni. Simu yangu ilikuwa kwenye ule wa familia, televisheni kwenye ule wa wageni. Mtandao wa wageni kwa kawaida huwekwa ili mgeni apate intaneti bila kuvifikia vifaa vyako vingine. Fundi aliyetufungia televisheni tulimpa neno la siri la wageni, kwa kuwa ndilo lililokuwa limebandikwa kwenye friji. Miaka miwili tumetazama filamu na taarifa ya habari bila tatizo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kuirudisha kwenye mtandao wa familia kulichukua dakika tatu.

Nawaandikia haya kwa sababu najua katika nyumba zetu hizi harusi, hitima na hata maziko tunayahudhuria kwa simu. Kwanza ujue simu yako inatumia njia gani. iPhone hutumia AirPlay, na simu nyingi za Android hutumia Google Cast. Kwa njia hizo mbili, jambo la kwanza la kuangalia ni kama simu na televisheni ziko kwenye mtandao mmoja. Njia ya tatu ni Miracast, ambayo simu huzungumza na televisheni moja kwa moja bila kupitia ruta. Hiyo iPhone haina, na hata simu nyingine za Android hazina, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Picha ikiwa inakwamakwama, isogeze simu karibu, na kama ruta yako ina 2.4 GHz na 5 GHz, jaribu ile ya 5 GHz. Ina kasi zaidi, ingawa haifiki mbali wala haipenyi ukuta vizuri. Usishangae pia picha ikienda kwenye televisheni na sauti ya mazungumzo ikabaki kwenye simu. Hutokea mara nyingi, na si lazima uwe umekosea kitu.

Waya wa HDMI nao ni akiba nzuri, lakini ujaribu mapema. Si kila simu yenye tundu la USB-C inaweza kutoa picha kupitia tundu hilo. Yangu haiwezi, na nilijua hivyo baada ya kununua kiunganishi.

Jumapili ilikuwa sherehe ya kina mama, bibi harusi anatolewa. Safari hii nilijaribu kila kitu asubuhi na mpwa wangu, nikamwomba ailaze simu yake ili picha ienee kwenye kioo cha televisheni. Na tulitumia simu mbili. Yangu ilirusha picha. Ya mwanangu, nayo ikiwa imeunganishwa na Tanga, alikabidhiwa Mama, na tukakubaliana kwamba hata nyumba iungue hakuna atakayeichukua mkononi mwake.

Hakuihitaji. Bibi harusi alipoingia na vigelegele vikapigwa, Mama aliiweka simu pajani, akanyoosha kidole kwenye televisheni. “Amevaa kidani changu,” akasema. “Kile cha mama yangu. Nilidhani wamemnunulia kipya.” Akaanza kupiga vigelegele peke yake sebuleni, mpaka mwanangu akacheka na mimi nikaungana naye.

Baadaye kaka alituma video ya ndoa yenyewe. Mama aliitazama yote kwenye televisheni, akaitikia dua mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha alisema, “Nzuri. Lakini hii ni ya jana.” Sikuwa na la kumjibu.

Karatasi ya neno la siri la wageni bado iko kwenye friji. Chini yake mwanangu ameandika kwa wino mwekundu: “Si kwa televisheni. Na simu ya Bibi haiguswi.”