Mafungu ya Sitini na Nne

Kitabu kile bado ninacho. Ni kopi ya kopi: kurasa mia tano na ushei zilizobanwa kwa plastiki, jalada limegeuka rangi ya chai, na kila ukurasa wa kulia una kivuli cheusi pembeni pale mashine iliposhindwa kuubana sawasawa. Tulichanga watu wawili mwaka 2006, mimi na mwenzangu wa Tandale, tukakitoa kwenye duka la kutoa kopi jirani na Mwenge. Jumatatu hadi Jumatano kilikuwa kwake, Alhamisi hadi Jumamosi kwangu. Jumapili tulikaa nacho pamoja, chimbo letu likiwa kimbweta kimoja cha Mlimani, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kile. Walinzi walituzoea.

Tulikuwa tunajiandaa na CCNA, cheti cha ngazi ya kwanza cha mafundi mitandao ambacho kampuni ya Cisco imekuwa ikikitoa tangu 1998. Toleo letu lilikuwa 640-801. Namba hiyo ilitukaa kichwani kama namba ya nyumba, kwa sababu matangazo mengi ya kazi za mtandao siku hizo yalidai herufi zile nne, na sisi tulikuwa na stashahada zilizoshindwa kutupatia hata usaili.

Kituo tulichosomea kilikuwa na rauta mbili tu, yaani mashine za kuelekeza data kati ya mitandao, Cisco 2501 za mkono wa pili, nzito, feni zake zinanguruma. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa. Ukigawa muda, kila mmoja alipata dakika zisizofika ishirini kwa wiki za kushika kibodi, na hizo ni dakika za umeme ukiwapo. Mwaka ule mvua zilikosekana, maji ya bwawa la Mtera yakashuka vibaya, mgao wa umeme ukaingia kila mtaa. Mara ngapi zamu yangu imefika, nimechomeka ile kebo bapa ya buluu, nimefungua dirisha la HyperTerminal, herufi za mwanzo zinaanza kushuka, halafu chumba kikazima. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ilikuwepo tayari, lakini wakati huo ilikuwa ya wanafunzi wa akademia za Cisco peke yao, na ada ya akademia hatukuiweza.

Ndipo mwenzangu akawa rauta.

Tuliketi barazani kwetu Manzese, mshumaa katikati. Mimi natamka amri moja baada ya nyingine, naye ananijibu kile ambacho rauta ingejibu, neno kwa neno, kwa sauti kavu. Nikikosea, hakusema nimekosea. Aliiandika amri yangu kwenye daftari, akaweka kidole chini ya herufi niliyoteleza, kama rauta inavyoweka kile kialama chake kidogo, kisha akanyamaza. Milango ya rauta huja imefungwa, na lazima uifungue kwa amri ya "no shutdown". Nikiisahau amri hiyo, aliniacha niendelee na kazi yote hadi mwisho, na nilipouliza kwa nini hakuna kitu kinachopita, alijibu tu: mlango umefungwa na mwenye nyumba.

Ili anijibu vile, ilibidi awe anajua kila jibu. Hilo sikulitafakari wakati ule.

Kilichowatoa wengi darasani ni kugawa mtandao, yaani kuchukua anwani za mtandao mmoja na kuzikata kuwa mitandao midogo. Mwalimu alifundisha kwa sifuri na moja, nane nane, ubao mzima. Niliandika yote, sikuelewa. Mwenzangu alikulia kwenye meza ya nyanya ya mama yake, na Jumapili moja alinifafanulia kwa dakika kumi. Una nyanya 256, alisema, kuanzia namba 0 hadi 255. Ukiambiwa maski, ile namba inayoonyesha ukubwa wa fungu, inaishia na 192, toa 192 kwenye 256, inabaki 64. Basi panga mafungu ya sitini na nne. Fungu la kwanza linaanza 0, la pili 64, la tatu 128, la nne 192. Katika kila fungu, nyanya ya kwanza haiuzwi, hiyo ni jina la fungu. Ya mwisho nayo haiuzwi, hiyo ni ya kupiga mbiu, ukiigusa umewaita wote waliomo. Za kuuza ni 62. Mtu akikuuliza anwani yenye 77 iko wapi, iko fungu la 64. Nyanya za kuuza pale ni 65 hadi 126, na 127 ndiyo mbiu.

Aliyaandika hayo pembeni mwa ukurasa kwa penseli, pamoja na mchoro wa mafungu manne juu ya meza. Nimesoma vitabu vingi baadaye, vya waandishi wanaoheshimika katika fani hii, na sijaona maelezo yaliyonifaa kuliko yale.

Ada ya mtihani ilizidi dola 100, na ukianguka unalipa upya yote. Yangu ilitoka kwenye upatu wa mama. Alikuwa amesubiri zamu yake miezi minane akikusudia bati za nyumba. Mwenzangu ya kwake aliichanga mwenyewe kwa kufundisha tuisheni ya hisabati, na ndiye aliyetangulia kuingia. Mtihani ule ulikuwa na mambo mawili yasiyomfaa mtu wa aina yake. Ukishajibu swali huwezi kulirudia; tena yalikuwemo maswali ya vitendo, unapewa rauta ya kuigiza uitengeneze. Alipofika kwenye la vitendo akalifanya kama alivyofanya kila kitu, hatua kwa hatua, akahakiki kila mlango, akapima njia huku na huku. Likamla muda. Maswali ya mwisho yalimkuta saa imekwisha. Alitoka na karatasi ya matokeo inayoonyesha amekosa kwa alama chache.

Nilimwona akiikunja ile karatasi mara nne. Naandika ukweli: sikumfikiria yeye wakati ule. Nilifikiria bati za mama.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa intaneti kafe akaniuzia dampu, maswali yaliyochotwa kwenye mtihani wenyewe pamoja na majibu yake. Siku tisa mfululizo nikalikariri usiku. Jioni mwenzangu aliendelea kuja. Hakuwa na pesa ya kurudia mtihani, lakini alisema angalau mmoja wetu apite. Aliketi barazani akawa rauta kama kawaida, nami nikatamka amri kama kawaida, na dampu lilikuwa chini ya godoro, hatua sita kutoka alipoketi. Sikumwonyesha. Sikuogopa kwamba angelitaka. Niliogopa kwamba angelikataa.

Nilifaulu. Maswali mengi niliyakuta yamekaa vilevile nilivyoyakariri, hata herufi za majibu. Nilipompigia simu kumpa habari, alisema, "Tumefaulu, kaka."

Cheti kikanipa kazi. Miezi mitano baadaye nilitumwa Morogoro kuweka rauta kwenye tawi jipya la mwajiri wangu. Karatasi ya maelekezo ilisema tawi lipewe fungu linaloanza 192.168.10.64, na mlango wa rauta uchukue anwani ya mwisho. Nikapiga hesabu, nikaandika 127. Rauta ikakataa, ikaniambia maski ni mbaya. Nikabadilisha maski, ikakubali, lakini makao makuu hayaonekani. Nikarudisha maski ya kwanza, ikakataa tena. Dampu halikuwa na swali hilo. Ilikuwa saa tatu usiku, meneja wa tawi ameketi kwenye benchi la wateja akinisubiri nimalize afunge. Nikatoka nje, nikampigia mwenzangu. Alikuwa na kila haki ya kuniuliza nilifauluje bila kulijua lile. Hakuuliza. Alisema, "127 ni mbiu, kaka, hiyo haiuzwi. Rudi moja nyuma." Nikaandika 126. Tawi likaamka.

Mshahara wa mwezi ule niliupokea mimi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Julai 2009 kebo ya intaneti ya chini ya bahari ya SEACOM ikaanza kazi, mwaka uliofuata ikaja EASSy. Kabla ya kebo hizo pakiti zetu zilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, na jibu lilichelewa zaidi ya nusu sekunde. Mteja akilalamika, tulimweleza umbali. Baada ya kebo kisingizio kile kikatoweka, kazi zikafurika. Cheti changu kiliisha mwaka huohuo wa 2009, kwa kuwa hudumu miaka mitatu tu. Nikaketi miezi sita, nikasoma toleo la 640-802 bila dampu, nikafaulu kwa haki. Nilitarajia moyo utatulia. Lakini kazi iliyonilipia ada ya cheti cha pili nilikuwa nimeipata kwa kile cha kwanza. Mwenzangu wakati huo alikuwa ameshahamia Korogwe, anafundisha hisabati sekondari.

Leo mpwa wangu, binti wa dada, anajiandaa na mtihani huohuo. Toleo lake ni 200-301, lililoanza Februari 2020. Anakaa kwangu. Packet Tracer ameipata bure baada ya kujisajili tu, na kwenye kompyuta yake mpakato anapanga rauta kumi na kuziwasha zote pamoja. Masomo anayafuata YouTube, kwenye Jeremy's IT Lab, kozi nzima bila kulipa senti. Ada ya mtihani imepanda, ni dola 300, na hilo linaniuma kwa ajili ya vijana wasio na mjomba wa kuwalipia. Teknolojia za ISDN na Frame Relay, tulizokesha nazo usiku na usiku, zimeondoka. Wao wana IPv6, mitandao isiyotumia waya, na namna ya kuziamuru rauta nyingi kwa programu. Nafurahi kwa kila alichonacho. Natamani tungekuwa na robo yake.

Hata hivyo nikipita usiku kwenda kunywa maji, namwona amevaa visikilizio, mwanga wa kioo umemjaa usoni, midomo inatamka amri peke yake. Rauta yake inamjibu haraka kuliko nilivyojibiwa mimi. Mwenzangu alijifunza kwa kunijibu. Hakuna anayejifunza kwa kumjibu binti huyu, na yeye hana anayemjibu. Kuna vijana wengine mtaani kwetu wanaosoma mtihani huohuo, kila mmoja chumbani kwake, hawajuani.

Mwezi uliopita alinijia na simu mkononi. "Mjomba, kuna kundi la Telegram wameweka maswali yote ya mtihani na majibu. Wenzangu wote wanalo. Nilipakue?"

Nilimwuliza, ukipewa maski inayoishia na 192, anwani yenye 77 iko mtandao gani? Akavuta karatasi, akaanza kuandika sifuri na moja. Nikaenda kabatini, nikamletea kitabu. Aliyasoma yale ya penseli, yamefifia lakini yanasomeka, akautazama mchoro wa meza, akafunua kurasa za mbele kutafuta kama kuna mengine.

"Nani kaandika hivi?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari za baraza na mshumaa, na karatasi iliyokunjwa mara nne, na dampu chini ya godoro. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Alikaa kimya, kidole kikiwa bado juu ya mafungu, kisha akauliza, "Yeye anajua?"

Jumapili tukampigia. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, mvua za Korogwe, wanafunzi wake wa kidato cha nne. Mpwa wangu akachukua simu, akamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akamwambia ameyaona mafungu yake. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo. Nikasikia kicheko chake cha zamani, halafu ile sauti kavu: "Haya. Mimi ni rauta. Anza."

Binti akaiweka simu mezani sauti ikiwa juu, akavuta daftari. Walikaa karibu saa nzima. Mara mbili alikosea, na mara zote mbili simu ilinyamaza hadi akajiona mwenyewe. Walipomaliza akaniletea. Mwenzangu akasema, mbona leo uko kimya, kaka, una neno? Nikamwambia mtihani wa binti ni mwezi ujao, tarehe za mwanzoni.

"Tutafaulu," akasema.

Nikamshukuru, nikakata simu. Mpwa wangu alikuwa bado ananitazama.