Kutoka Mombasa hadi Mokowe kwa Pikapu Kuukuu



Barabara itokayo Mombasa hadi Mokowe, bandari ndogo inayokabiliana na kisiwa cha Lamu, ina urefu wa zaidi ya kilomita 300. Aendaye kwa basi huweza kuimaliza akiwa amelala. Sisi huipita kwa macho mawili, kwa kuwa tunasafiri na pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli, ya milango minne, iliyoundwa miaka ya 1990, na pikapu hiyo ni mali ya mayatima.

Ndugu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha watoto watatu na gari hilo. Mkewe, mwenye thumni yake katika mali hiyo, ndiye anayeisimamia. Dereva hupakia mchele, unga na vyombo vya arusi kupeleka Mokowe, na hurudi na maembe au nazi. Nauli ya mizigo hiyo ndiyo karo ya watoto na kodi ya nyumba. Jamaa wengi wamemshauri shemeji auze, wakisema gari kuukuu ni shimo la pesa. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Tumeona magari mapya yakifa kwa kukosa oili, na tumeona makuukuu yakisomesha watoto hadi chuo kikuu.

Shemeji hajui kuendesha, lakini ana daftari. Kila safari huandikwa tarehe, kilomita, dizeli iliyonunuliwa na kilichofanywa na fundi. Katika kila shilingi 10 za nauli, 2 huwekwa kando kwa ajili ya gari, na hazitolewi hata kwa nguo za Idi. Alfajiri ya safari, injini ikiwa baridi na gari limesimama pasawa, huchomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, kisha akakisoma. Hutazama maji ya rejeta, mafuta ya breki na tairi ya akiba. Kazi hiyo haichukui robo saa, na hatuoni kwa nini iwe ya wanaume peke yao. Oili na filta yake hubadilishwa kila kilomita 5,000, bila kungoja fundi aseme.

Tukishavuka daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, tunapita Mtwapa, kisha Kilifi. Hapo Kilifi wazee wetu walikuwa wakingoja feri, injini zimezimwa na zinapoa, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Sasa hakuna kupoa. Mzigo mzito na jua la kaskazi huipandisha injini joto, na rejeta iliyojaa kutu ndani haipitishi maji ipasavyo. Shemeji hakubali itiwe maji ya kisima, maana visima vyetu vya pwani vina chumvi. Hununua dawa ya rejeta, ghali kidogo, na fundi hukosha rejeta nzima kwa wakati wake.

Gede na Malindi tunazipita upesi. Ng'ambo ya mto Sabaki tunafika Gongoni na Marereni, penye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye madimbwi mapana, jua likayakausha, na chumvi ikabaki ikimeta kama marumaru. Ni mahali pazuri kwa macho na pabaya kwa chuma. Upepo wa huko hubandika chumvi chini ya gari, ndani ya milango na kwenye viungo vya breki, na kutu huanza pale jicho lisipofika. Bodi iliyopakwa rangi mpya huwahadaa wanunuzi wengi. Anayetaka kununua pikapu pwani na ainame kwanza atazame chesisi.

Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100, kisha mto Tana, kisha nyika kuelekea Witu. Katika kipande hiki magari yamewahi kupitishwa kwa misafara ya ulinzi wa askari, na mpaka leo hakuna mwenye akili anayetamani kuzimikiwa hapo. Vijiji viko mbalimbali na fundi ni wa bahati. Basi ni kwa sababu ya kipande hiki ndipo palipotokea mvutano mwaka huu.

Injini ya pikapu hii ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda huo hauonyeshi dalili kabla ya kukatika. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na injini inaweza kuharibika kwa mara moja. Daftari lilionyesha zimebaki kilomita 400. Siku hiyo hiyo mteja wa Hindi alitaka vyombo vya arusi vifike, kwa nauli nono. Fundi alisema, "Mama, utakwenda na kurudi, huu bado mzima." Dereva aliafiki. Shemeji alihesabu: kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 600.

"Shemeji," alituambia, "mkanda ukinikatikia Witu, watoto watakula nini muhula ujao?"

Tulimuunga mkono. Mkanda ulibadilishwa, siku mbili zikapita, na mteja alichukua gari la mtu mwingine. Hajarudi mpaka leo. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, na mwezi ule karo ililipwa nusu.

Safari iliyofuata tulikwenda naye. Mokowe tulikuta jahazi limepwelewa ufuoni, mafundi wakilikalafati kwa pamba na kulipaka deheni. Nahodha alituambia anayefanya biashara ya bahari hukiweka chombo pwani apende asipende, na siku hizo hahesabu faida. Tulipokwisha kushusha mzigo kwenye mashua za kwenda Lamu, ambako kazi ya kubeba huendelea kwa punda, mnunuzi mmoja alilizunguka gari na kutaja bei. Haikuwa mbaya. Shemeji alimwambia angoje jibu, kwa kuwa mali ina wenyewe na mkubwa wao amekwisha baleghe, naye ana haki ya kuulizwa.

Tuliporudi nyumbani gari lilioshwa chini kwa maji ya mfereji, kama ada. Kijana aliingia uvunguni na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto sauti ilibadilika, ikawa butu. Mama yake aliandika kwenye daftari: aitwe mchomeleaji atazame, kisha ndipo mnunuzi ajibiwe.