Kipepeo wa Milima ya Taita

Msafiri atokaye Voi huiacha nyika kavu, akapanda mpaka penye ukungu. Huko Taita, katika masalio ya misitu kama Mbololo na Ngangao (hekta zipatazo 120), yuko kipepeo ambaye wataalamu humwita Cymothoe teita. Hapatikani mahali pengine po pote duniani. Kiwavi wake hula majani ya mti wa mwituni uitwao Rawsonia. Basi msitu wa asili ukikatwa, hata ikipandwa misonobari na mikaratusi mahali pake, yeye hana chakula, nayo nyika imemzunguka pande zote kama bahari. Wazee wa Taita walikataza kukata miti katika misitu yao ya fighi. Enyi wazazi na walimu, wafundisheni watoto kuutambua mti huo, wasije wakamjua mdudu huyu kwa picha tu.